Kikanda si ua: funzo kuhusu kutambua na kutaja okidi za dembo

Mwaka juzi, katika semina ya leksikografia, niliwasilisha orodha ya maneno 120 ya mimea katika Kiswahili cha Kolwezi. Ingizo la 41 lilisomeka hivi:

kikanda (wingi: bikanda). Ua la okidi ya porini, Satyrium.

Nilipata alama nzuri. Hakuna aliyelipinga, kwa kuwa wengi wetu darasani tumekula kikanda tangu utoto lakini hatujawahi kukichimba. Ingizo lina maneno machache tu, na ndani yake mna makosa matatu. Makala haya yanaeleza makosa hayo moja baada ya jingine, namna nilivyoyagundua, na namna ninavyoliandika ingizo hilo sasa. Ninayaandika kwa ajili ya wenzangu wanaokusanya msamiati wa mimea, ndege, samaki au udongo, maana kosa la namna hii laweza kumpata yeyote anayeingia porini na daftari.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huku, nieleze kwanza kikanda kinavyoonekana sokoni. Viazi vidogo vya okidi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga. Unga huo huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi, na soda ya kupikia au maji ya majivu, kisha hupikwa kwa moto mdogo hadi mchanganyiko ushikamane na kuwa mgumu. Ukipoa, hukatwa vipande kama soseji nene. Wazambia wanakiita chikanda, na ni chakula kilekile. Kule na huku, ni akina mama ndio wanaokipika na kukiuza.

Nkambo wangu aliuza kikanda Kolwezi kwa miaka mingi. Sehemu ya karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwa hiyo nilipoandika ingizo la 41 sikuwa mgeni aliyedanganywa na mwenyeji. Nilikuwa mwenyeji aliyeuliza swali baya.

1. Swali nililouliza

Ilikuwa Januari, mvua zikiwa zimekolea. Nilimfuata nkambo hadi kwenye dembo moja katika uwanda wa Manika. Dembo ni bonde pana lenye nyasi, lisilo na miti, ambalo maji hutuama wakati wa mvua. Wazambia huliita dambo. Katikati ya nyasi kulikuwa na shina lililonyooka, refu kufika gotini, lenye maua mengi madogo ya rangi ya waridi yaliyopangana kama punje za mahindi. Nililipiga picha kwa simu, nikauliza:

“Nkambo, hii banaitaka nini?”

“Hii njo kikanda, mujukulu.”

Niliandika. Jioni nilimtumia picha rafiki yangu wa kitivo cha kilimo, naye akanijibu kwamba ni okidi ya jenasi ya Satyrium. Nikaunganisha majibu mawili: nkambo amesema kikanda, rafiki amesema Satyrium, basi kikanda ni Satyrium. Na kwa kuwa kidole changu kilikuwa kimeelekea kwenye ua, nikaandika “ua”.

Katika semina tumefundishwa kwamba kidole hakisemi kinachoonyeshwa. Ukionyesha sungura na kuuliza “hiki ni nini?”, mtu anaweza kukujibu jina la mnyama, la manyoya yake, la kitoweo, au la tendo la kukimbia. Mwanafalsafa W. V. O. Quine aliujadili mfano wa sungura mwaka 1960, nasi tulikuwa tumeujadili darasani. Niliufaulu kwenye mtihani, nikauanguka kwenye dembo.

2. Kosa la kwanza: jenasi moja

Kosa hili lilifichuliwa Januari iliyofuata, tulipokwenda watatu: mimi, nkambo, na yule rafiki yangu, safari hii akiwa na kioo cha kukuzia. Alinifundisha kutambua okidi za dembo kwa njia ambayo hata mwanafunzi wa lugha anaweza kuishika, nami ninaieleza hapa kwa sababu ina faida kwa mtu yeyote anayekusanya majina.

Anza kwa kusahau rangi. Rangi ndiyo tunayoiona kwanza na ndiyo inayodanganya zaidi: okidi za jenasi tofauti zinaweza kuwa za waridi zote, na spishi moja inaweza kuwa na mimea iliyokolea na iliyofifia. Angalia umbo. Ua la okidi lina vipande vitatu vya nje na vitatu vya ndani. Kimoja cha ndani hutofautiana na wenzake, nacho huitwa mdomo. Katika okidi nyingi ua hujipinda linapokua, hata mdomo ukawa upande wa chini, kama mahali pa kutua mdudu. Kisha tafuta mikia, yaani vijifuko vyembamba vinavyoning'inia nyuma ya ua, ambavyo katika okidi nyingi hubeba nekta. Hesabu mikia, halafu uulize imeota wapi.

Satyrium haijipindi kama nyingine. Mdomo wake uko juu, umefunika ua kama kofia, na nyuma ya kofia hiyo inateremka mikia miwili. Disa nayo ina kofia, lakini kofia hiyo si mdomo. Ni kipande cha nje cha katikati, nacho huwa na mkia mmoja. Mdomo wa Disa ni mdogo, uko chini, na mara nyingi humwonekani wa maana. Habenaria ina mkia mmoja ulioota nyuma ya mdomo, upande wa chini, na maua yake kwa kawaida ni ya kijani au meupe. Mikia miwili juu: Satyrium. Mkia mmoja kwenye kofia: Disa. Mkia mmoja chini: Habenaria. Ni kanuni fupi na haitoshi kwa kila okidi ya Katanga, lakini asubuhi ile ilitutosha.

Tulipata shina lenye mikia miwili. “Kikanda,” akasema nkambo. Hatua kama ishirini mbele tukapata lenye mkia mmoja kwenye kofia. “Hii pia njo kikanda.” Karibu na maji tukapata la kijani, mkia chini. Nkambo aliinama, akapapasa udongo kuzunguka shina, akasimama. “Hii pia. Lakini haikamate muzuri.”

Jenasi tatu, jina moja. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alipofika kwenye ile ya tatu hakuangalia ua hata kidogo. Alipapasa chini.

Hapa kuna funzo dogo la pili. Rafiki yangu hakukubali kuandika jina la spishi kwa mmea wowote kati ya ile mitatu. Alisema bila kulinganisha na mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika hebariamu, jina la jenasi ndilo analoweza kulitetea. Mwaka mmoja kabla nilikuwa ninamwona mwoga. Sasa ninaona ndiyo adabu ya kutaja: unataja mpaka pale ushahidi wako unapofika, na hapo unasimama.

3. Kosa la pili: “ua”

Nilimuuliza nkambo swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo.

“Na maua yake, banaitaka nini?”

Alinitazama kama mtu anayengoja nimalize utani. “Maua ni maua tu. Banakulaka maua?”

Kikanda, basi, ni kitu kinacholiwa: kwanza kiazi, halafu chakula kinachotokana na kiazi. Mmea unaitwa kikanda kwa sababu ndio unaokibeba, kama vile tunavyosema “shamba la mihogo” tukiwa tunafikiria mizizi. Ua halina jina lake la pekee. Ukilazimika kulitaja, unasema “maua ya kikanda”.

Mwanzoni jambo hili lilinionea aibu kidogo. Nilidhani nimegundua upungufu katika lugha yetu: wenzetu wa Ulaya wana majina ya maua haya mazuri, sisi tuna jina la kiazi. Kisha nikarudi maktaba nikatafuta asili ya neno okidi lenyewe. Linatokana na Kigiriki, orchis, neno linalotajwa na Theophrastus zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na maana yake ni korodani. Wagiriki hawakuitazama mikia wala midomo. Walichimba, wakakuta viazi viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, wakaupa mmea jina la kile walichokiona. Familia nzima ya mimea ambayo leo watu hupeana kama ishara ya urembo imebeba jina lililotoka chini ya ardhi, kama kikanda. Hata Satyrium, jina ambalo Mswidi Olof Swartz aliipa jenasi yetu rasmi mwaka 1800, linatokana na neno la kale lililohusishwa na imani kwamba viazi hivyo viliamsha ashiki.

Siku ile ya Januari ya kwanza nilikuwa nimefanya jambo ambalo sikuliandika katika ripoti. Nilitaka picha ya mmea mzima, kwa hiyo niliuchimbua. Chini kulikuwa na viazi viwili kama walivyoona Wagiriki: kimoja kimesinyaa na kuwa cheusi kidogo, kingine cheupe na kimejaa. Nilikikata kile cheupe nikipige picha. Nkambo alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

“Unaisha kuua ya mwaka yenye iko nakuya.”

Yaani: umeshaua cha mwaka ujao. Akanieleza kwamba kilichosinyaa ni mama, na cheupe ni mwana. Mama amelisha shina la mwaka huu na anakufa. Mwana ndiye atakayeota mvua zijazo. Rafiki yangu wa kilimo alithibitisha kwamba ndivyo mmea unavyofanya kazi: kiazi cha zamani hutoa akiba yake kwa shina na maua, na kile kipya kinajaza akiba ya msimu unaofuata. Kinachotafutwa na wachimbaji ni kile kilichojaa. Kwa hiyo kila kikanda kilichomo kapuni ni mmea ambao hautaota tena. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu fulani wa udongoni. Ndiyo maana hatuoni mashamba ya kikanda kama tunavyoona mashamba ya karanga.

Wagiriki waliviona viazi viwili wakavipa jina la jozi ya viungo vya mwanamume. Nkambo aliviona vilevile akavipa majina ya mama na mwana, na majina yake yanaeleza kazi ya mmea vizuri zaidi. Hilo nalo sikuwa nimeliandika katika ingizo la 41.

Kila anayetaja hutaja kile anachokitafuta. Katika mkoa wetu kuna mmea mwingine maarufu, Haumaniastrum katangense, ambao vitabu vya kigeni huuita ua la shaba la Katanga. Hustahimili udongo wenye shaba nyingi inayoua mimea mingine, na kwa sababu hiyo uliwasaidia wanajiolojia kutafuta madini na wanaakiolojia kutafuta mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba. Waliolipa ua hilo umaarufu walikuwa wanatafuta shaba. Akina mama wa dembo walikuwa wanatafuta chakula. Mwanaleksikografia akiandika jina bila kuandika jina hilo lilitafuta nini, ameandika nusu.

4. Kosa la tatu: wingi

Niliandika “wingi: bikanda” bila kumsikia mtu yeyote akisema hivyo. Nililitunga mwenyewe kutokana na kanuni. Katika Kiswahili chetu ngeli ya vi- ya Kiswahili sanifu hutamkwa bi-: bintu, byakula. Nikaona neno lina ki-, nikalipa bi-.

Niliporudi kwenye rekodi zangu za sauti na kusikiliza upya, niliona kwamba wauzaji husema “kikanda iko mingi”, “kikanda inaisha”, kwa upatanisho wa i-. Msomaji anaweza kusema kwamba hii ni tabia ya jumla ya Kiswahili cha Katanga, ambacho hupunguza upatanisho wa ngeli na kutumia i- kwa vitu vingi. Ni kweli, lakini haitoshi. Katika rekodi hiyohiyo nkambo anasema “bitunga bitatu ya kikanda”, makapu matatu ya kikanda. Bi- anayo, na anaitumia anapohesabu. Anahesabu makapu. Kikanda hakihesabu, kama vile hatuhesabu unga wala mchanga. Sarufi yenyewe ilikuwa inaniambia kwamba kikanda ni kitu cha kupimwa kwa wingi wake, si mmea mmoja mmoja wenye ua lake. Ningelisikiliza upatanisho, kosa la pili lingejifichua lenyewe bila kunisubirisha mwaka mzima.

5. Kosa ambalo karibu niliongeze

Nilipoanza kulisahihisha ingizo, nilitaka kuongeza asili ya neno, na hapo nikaingia kwenye mtego mwingine. Katika Kiswahili sanifu, ukanda ni mshipi au sehemu ndefu ya nchi, na kikanda ni mkanda mdogo. Neno hilohilo husikika redioni kila siku katika maana ya “-a eneo”: ushirikiano wa kikanda, usalama wa kikanda. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tunalisikia zaidi, na nyumbani kwetu kuna anayecheka kila mara kwa kuwazia marais wakikatiwa vipande vya kikanda kwenye sahani. Halafu nikasoma kwamba jina Habenaria linatokana na Kilatini habena, ukanda wa ngozi, hatamu. Nikaruka kwa furaha: kikanda cha Waswahili, habena ya Warumi, okidi moja! Niliandika ukurasa mzima.

Mwalimu aliyeusoma aliandika pembeni maneno matatu: “Toni iko wapi?”

Alikuwa sahihi. Hapa kwetu peke yake -kanda inapatikana katika maneno mengi. Katika Kiluba cha Kasai mukanda ni barua au kitabu. Kwa Walunda, Wachokwe na Waluvale mukanda ni kambi ya jando. Katika Kiswahili kuna mkanda na ukanda. Na kuna kikanda cha dembo. Kiswahili hakina toni za kutofautisha maneno, lakini Kiluba, Kilunda na Kichokwe zinazo, na maneno yanayofanana kwa herufi yanaweza kuachana kabisa kwa toni. Kabla ya kudai undugu, ni lazima toni zilinganishwe na mabadiliko ya sauti yaonyeshwe kwamba yanafuata kanuni kutoka lugha hadi lugha. Kufanana na Kilatini ni bahati tu, maana Wabantu na Warumi hawakukaa dembo moja.

Kinachoweza kusemwa kwa ushahidi ni kidogo, na kinatosha. Neno lina mwenzake wa wazi katika Kibemba, chikanda, lenye maana ileile na kiambishi kinacholingana: chi- kule, ki- huku. Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka, na wafanyakazi wengi wa mwanzo wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, waliajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Neno, chakula na watu vilikuwa vinapita njia moja. Nimeandika “linganisha”, sikuandika “linatokana na”.

6. Kosa dogo lilifanya nini

Ningependa kusema makosa haya yalibaki kwenye daftari. Hayakubaki. Kati ya Januari ile ya kwanza na ya pili, rafiki yangu alikuwa na kazi ya darasa kuhusu mimea inayochimbwa Manika. Alichukua orodha yangu, akasoma kwamba kikanda ni Satyrium, akaenda sokoni wakati wa kiangazi kuuliza wauzaji kama kikanda kimepungua. Walimjibu kwa ukweli: “Kikanda iko mingi.” Aliyaona magunia kwa macho yake. Akaandika katika kazi yake kwamba Satyrium ya Manika bado ni nyingi.

Nilipomsomea nkambo sentensi hiyo alicheka, lakini si kwa furaha. Dembo alilochimba akiwa msichana, umbali wa saa moja kwa miguu, sasa limezungushiwa uzio wa mgodi. La pili lilichimbwa likaisha. Anachonunua sokoni leo kinatoka mbali, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui ni wapi. “Ya kule zamani inaisha,” alisema. Ya kule zamani imekwisha. Na ile ya sasa, anavyosema, haikamati kama ile aliyoizoea. Inahitaji soda zaidi.

Hiyo ndiyo hatari ya jina linalokusanya jenasi tatu au zaidi. Okidi moja ikiisha, nyingine inaingia kwenye gunia, na jina linabaki lilelile. Anayeuliza kwa jina atajibiwa kwamba kipo, hadi siku ya mwisho. Jambo hili limeonekana pia nje ya Katanga. Viazi vilipopungua Zambia, wafanyabiashara walivifuata Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na uchimbaji wa okidi kwa ajili ya chikanda ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu wasiwasi juu yake. Mwaka 2018 Sarina Veldman na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA wa viazi vilivyouzwa kama chikanda Zambia, na wakakuta humo okidi ambazo hazikutarajiwa kuwamo. Maabara ililazimika kufanya kazi ambayo jina la sokoni haliwezi kuifanya.

Sheria nayo inasimama upande wa pili wa shimo hilohilo. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unaorodhesha familia nzima ya okidi, na biashara yake ya kuvuka mpaka inahitaji kibali. Lakini karatasi ya afisa wa forodha imeandikwa Orchidaceae, gunia lina viazi vikavu visivyo na ua wala mkia wa kuhesabu, na mwenye gunia anasema kikanda. Mahali pa kuyakutanisha maneno hayo mawili ni kamusi. Charles Sacleux, mmisionari aliyekusanya mimea ya pwani kwa mikono yake mwenyewe, aliweka majina ya kisayansi ya mimea katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Kuhusu chakula cha miombo ya Katanga, François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa muda mrefu, alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1997. Kazi hiyo imeanzwa kwa pande mbili. Kiswahili cha Lualaba bado kinatusubiri sisi.

7. Ingizo jipya

Kutokana na haya, ninawashauri wenzangu maswali manne kabla ya kuandika jina lolote la mmea. Kwanza: jina hili ni la sehemu gani, na sehemu nyingine zinaitwaje? Pili: onyesha mimea mitatu tofauti, si mmoja, na uulize kama jina linabaki. Tatu: msikilize msemaji akihesabu, uone anahesabu nini. Nne: muulize anatofautishaje kizuri na kibaya, kwa kuwa hapo ndipo utakapopata elimu ambayo jina limeificha.

Hivi ndivyo ingizo la 41 linavyosomeka sasa:

kikanda. Nomino isiyohesabika; katika usemi wa Kolwezi huchukua upatanisho wa i- (kikanda iko mingi). 1. Kiazi kinacholiwa cha okidi za ardhini za dembo na nyanda za juu. Jina la pamoja kwa okidi za jenasi kadhaa, zikiwemo Satyrium, Disa na Habenaria. 2. Chakula kinachopikwa kwa unga wa viazi hivyo pamoja na karanga, pilipili, chumvi na soda au maji ya majivu. Ua halina jina la pekee: maua ya kikanda. Kiazi kilichosinyaa huitwa mama, kilichojaa mwana (msemaji mmoja, Manika). Linganisha Kibemba chikanda. Angalizo: kupatikana kwa kikanda sokoni si ushahidi wa kuwepo kwa okidi yoyote moja porini.

Rafiki yangu naye amesahihisha kazi yake. Nilimsomea nkambo ingizo hili taratibu, nikimfasiria maneno ya shuleni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema limekaa vizuri, ila sikuandika kwamba kuna kinachokamata na kisichokamata, na mtu atakayesoma atanunua chochote. Nimekubali. Nitarudi Manika mvua zijazo na rafiki yangu, na kioo chake, tuandike kila kimoja mahali pake, na safari hii hatutachimba.